Kifungo cha Pili Kutoka Juu

Jumanne moja asubuhi nilimpelekea mume wangu chai. Akaipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo kama mgeni, akasema, "Gracias, señora." Nilibaki nimesimama na sinia mkononi. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na sikumbuki hata siku moja aliyonishukuru kwa adabu namna ile. Mume wangu mimi alikuwa akipokea chai bila kuinua macho kwenye gazeti, anaonja, anasema, "Sukari umesahau, Sindano." Nami namjibu kwamba sukari haijasahauliwa, imefichwa, daktari kasema.

Yeye mtaani wanamwita Spana, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila spana mfuko wa nyuma. Hata siku ya harusi yetu alikuwa nayo, picha ipo, na suruali imelala upande mmoja. Sindano ni mimi. Jina hilo alinipa yeye, na hakuna mwingine anayelitumia.

Alikuja nchi hii kijana wa miaka ishirini na sita, katumwa kufunga mashine za kufuma katika kiwanda cha nguo. Mkataba ulikuwa wa miezi kumi. Mimi nilikuwa nashona katika duka la mkabala na geti la kiwanda, na yeye alikuwa mteja wangu wa vifungo. Kila wiki shati limekatika kifungo. Kwa mikono yake alinieleza kwamba mashine za kiwandani zinakula vifungo, nami nikaamini. Halafu siku moja akaja bila shati la kushona, akasimama mbele ya cherehani yangu, akasema neno moja tu la Kiswahili: "Sindano." Nikamuuzia pakiti ya sindano. Akaipokea, akaenda zake. Kesho yake akarudi, "Sindano," nikamuuzia nyingine. Siku ya tatu hakutaka pakiti. Akaninyooshea kidole: "Wewe. Sindano." Nilinuna wiki nzima. Baadaye, tulipokwisha kuelewana, nilimuuliza nani alimfundisha kuwaita watu majina kama hayo. Akasema ni mama mwenye nyumba wake, pale alipopanga chumba.

Kihispania chake alikiweka kando kama mtu aliyefika mahali pa joto akavua koti. Wazazi wake walikuwa wamekufa, ndugu hana. "Watu wangu ni ninyi," alikuwa akisema. "Nizungumze na nani, ukuta?" Nami sikumbembeleza anifundishe. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata akigombana na mafundi bomba kwenye simu, walipofika mlangoni walikuwa wakimpita wakimtafuta yule Mswahili waliyemsikia.

Kisha ugonjwa wa kusahau ukaingia, ukaanza kumnyang'anya maneno. Yalianza kupotea majina ya vitu. Kijiko kikawa "kile cha supu," mlango ukawa "pale pa kutokea." Zikafuata sentensi nzima. Mahali pake kikarudi Kihispania, safi, kana kwamba kilikuwa kimekaa sandukuni miaka yote kikisubiri zamu yake. Daktari alitueleza mimi na binti yetu: "Mama, lugha iliyoingia mwisho ndiyo inayotoka kwanza. Ile ya utotoni atabaki nayo kwa muda, labda mwaka, labda pungufu. Nayo itapungua."

Nikamuuliza, "Na jina langu?"

"Jina lako analijua kwa lugha ipi?"

Binti yangu akanishika mkono, nami nikautoa, maana nikishikwa mkono huwa nalia.

Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu, na sioni aibu kukisema. Nilitaka aniite Sindano, hata mara moja, kabla maneno hayajamwishia. Nilikuwa naye nyumba moja, kitanda kimoja, na nilimkumbuka kama mtu aliyesafiri.

Basi nikaenda kusoma Kihispania. Binti yangu ni mfamasia, anaishi mji mwingine, na kwake kila jambo lina kipimo. Akanipigia simu. "Mama, una miaka sitini na mitatu."

"Najua. Yote nimeihudhuria mwenyewe."

"Ajiri mtu anayekijua, basi."

"Ili yeye azungumze na mume wangu, mimi nikae niwatazame? Hapana."

Darasa lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, siku tatu kwa wiki saa kumi alasiri. Jirani yangu, muuguzi mstaafu, alikubali kuja kukaa na Spana saa hizo. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja, na wale kumi wangeweza kuwa wajukuu zangu. Mmoja alitaka kwenda kusoma ng'ambo. Mwingine alitaka kutembeza wageni. Kulikuwa na msichana mwenye mchumba wa kwenye simu ambaye hajawahi kumwona, na alichotaka yeye ni kujua yule kijana huandika nini akikasirika. Mwalimu alikuwa binti mwembamba mwenye miwani mikubwa, tukimwita Profesora. Alikuwa na ndoo ya vibanio vya nguo na sheria moja: ukizungumza Kiswahili darasani, anakubania kibanio kifuani. Siku ya kwanza nilitoka na vibanio tisa, kama kamba ya kuanikia.

Siku hiyo hiyo aliuliza nani anajua neno lolote la Kihispania. Nikanyoosha mkono kwa fahari. Kulikuwa na maneno ambayo Spana huyasema nyundo ikimpiga kidole, na miaka yote nilidhani ni namna ya kujipa pole. Nikayatamka yote, kwa sauti. Profesora alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Asante, Bibi," akasema. "Hayo tutayafikia mwaka wa tatu."

Nilijifunza kama nilivyojifunza kushona, kwa kurudia hadi mkono uchoke. Kitabu nilikisimamisha nyuma ya cherehani, nakunja pindo huku nasema ninapenda, unapenda, anapenda. Wateja walinidhani nasali. Wiki ya pili nilijiona niko tayari. Asubuhi nikavaa gauni zuri, nikaingia na chai, nikasema bila kukwama, "Buenos días. ¿Cómo está usted?" Habari za asubuhi, hujambo.

Uso wake uling'aa sijapata kuona. Aliweka kikombe chini, akanishika mikono yote miwili, akafungulia maneno kama bomba. Alizungumza dakika kumi. Alicheka, akaonyesha dirisha, akaonyesha viatu vyake, akaniuliza kitu, akaningoja nijibu. Nilikuwa nimeelewa "ndiyo" mbili na "hapana" moja. Nikatafuta kichwani chochote kilichobaki, nikapata sentensi ya somo la tatu. Nikamwambia kwamba ninapenda mkate.

Alinitazama kwa huruma. Akanipigapiga mkono taratibu, kama unavyompiga mtoto wa mwenzako, akarudi kwenye chai yake. Nilikwenda jikoni nikafungua maji ya sinki ili nisisikike, nikalia. Nililia kwa hasira kuliko huzuni. Miaka thelathini na minane nilikuwa na chumba kizima ndani ya nyumba yangu ambacho sikuwahi kukigongea hodi, na sasa yeye amehamia humo, na mimi niko nje na sentensi ya mkate.

Siku zile kulikuwa na udhia mwingine wa vifungo. Kila nikifua, shati lake moja limepungukiwa kifungo, na mara zote ni kile cha pili kutoka juu. Nilichukia. Kifungo nilichoshona mimi hakianguki. Natumia uzi wa mara mbili, naupitisha kwenye mshumaa, na nikimaliza nauzungushia shingo chini ya kifungo mara nne. Nguo huchakaa, kifungo kikabaki. Sasa mume wangu anatembea nyumbani kifua wazi kama mcheza ngoma, na nikimuuliza kwa mikono kifungo kiko wapi, anatazama dari.

Somo la tisa halikuwa la maneno, lilikuwa la desturi. Profesora aliandika ubaoni neno moja refu, sobremesa. Akatueleza kwamba kwao wale watu, chakula cha mchana kikiisha, hakuna anayeinuka. Sahani zinabaki pale pale, makombo yanabaki, na watu wanakaa wakizungumza, saa nzima, wakati mwingine mbili. Hapo ndipo mambo ya moyoni husemwa. Mtu akitaka kukwambia jambo zito, hasemi njiani wala hasemi anapokula. Anangoja hapo.

"Na anayeinuka haraka akaanza kukusanya sahani," akasema akicheka, "ni kama anakwambia, haya, nenda zako."

Niliweka kalamu chini. Nilimwona Spana, kijana, kisha mtu mzima, kisha mzee, siku zote baada ya kula anarudisha kiti nyuma kidogo, anaweka kiwiko mezani, ananitazama. Na mimi tayari nimebeba sahani nne, kwa sababu kuna gauni la mtu linangoja zipu. "Kaa kidogo, Sindano." Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema. "Nikae nifanye nini? Chakula si kimekwisha?" Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijibu. Mwishowe aliacha kusema, akawa anakaa peke yake na makombo yake, nami nikawa natania kwamba mume wangu akishiba hushikwa na gundi.

"Mungu wangu," nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya darasa zima. "Nilikuwa namfukuza."

Profesora alinyoosha mkono kwenye ndoo ya vibanio, kisha akaurudisha.

Kesho yake tulipomaliza supu, sikuinuka. Mikono yangu haikujua pa kwenda, nikaikalia. Spana alikunja leso, akangoja niondoke. Sikuondoka. Akasogeza mkate pembeni, akarudisha kiti nyuma kidogo, akaweka kiwiko mezani. Halafu akaanza kuzungumza, polepole safari hii, akinipa nafasi.

Ndivyo tulivyoanza. Kila siku baada ya chakula, sahani chafu mbele yetu na nzi mmoja wawili, nilimuuliza maswali ya kitabu cha wanaoanza. Kitabu kile hakina makubwa. Unaweza kuuliza mtu anaitwa nani, anaishi wapi, anafanya kazi gani, anapenda rangi gani. Nilijua kwamba anapenda bluu, nimemshonea mashati ya bluu maisha yangu yote, lakini alipolitamka mwenyewe, azul, akicheza na uma, nilifurahi kama nimeambiwa siri. Nilimuuliza kuhusu mama yake, akanichorea mezani kwa kidole nyumba yenye ngazi nje. Sikuwahi kuijua nyumba ile. Nilimuuliza anaishi wapi.

"Aquí, señora. En su casa." Hapa, katika nyumba yako.

Nikageuza ukurasa, nikaliuliza swali lililofuata katika kitabu. Je, umeoa?

"Todavía no," akasema, na akaona haya. Bado.

Akaniuliza kwa upole habari za mguu wangu, akaelekeza kidole kwenye mguu wa kulia. Miguu yangu mizima. Nikautazama ule mguu, nikamtazama yeye, ndipo nikaelewa mimi ni nani. Yule mama mwenye nyumba wa chumba chake cha kwanza alikuwa na mguu wa kulia uliovimba. Nilimjua. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye roho nzuri na ndevu tatu kidevuni, na hakujua neno hata moja la Kihispania. Alimfundisha Kiswahili kwa kushika vitu: anainua kijiko, anasema kijiko. Alikufa kabla binti yetu hajazaliwa. Nilikwenda kwenye kioo cha kupimia nguo nikakikagua kidevu changu kwa muda mrefu. Niwe yeyote, lakini si yule!

Kwenye simu nilimweleza binti yangu, akacheka hadi akakohoa, halafu akalia. "Mama, mwambie tu wewe ni nani."

Nikamwambia. Niliandaa sentensi, nikaipeleka kwa Profesora akaikagua, na siku ya pili baada ya chakula nikaisema: mimi ni mke wako. Spana alicheka kidogo, kistaarabu. Alipoona sicheki, aliona aibu kwa niaba yangu. Aliinuka mezani, akaomba radhi, akaenda chumbani. Siku tatu alikula akinipa bega, na alipomaliza tu, aliondoka. Mimi ndiye niliyebaki na makombo.

Sijui kama mtu aweza kueleza vizuri kukataliwa na mume wako mwenyewe kwa sababu anakuheshimu kama mama mwenye nyumba wake. Alikuwa anaishi siku za kabla yangu. Nilikuwa sijatokea bado. Ningeweza kumpigia kelele, na ulimi wa kelele ninao, lakini kelele zangu zote ni za Kiswahili.

Siku ya nne nilichechemea kutoka jikoni, nikashika mguu wa kulia, nikasema unauma. Akaruka kunivutia kiti. Akakaa.

Alhamisi moja, wiki mbili baadaye, nilirudi mapema kutoka sokoni. Jirani yangu alikuwa uani anaanua nguo. Spana alikuwa peke yake mezani, na mapajani ana shati la bluu, na mkononi ana mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi. Ulimi kautoa pembeni ya mdomo, kama alivyokuwa akifanya akifunga skrubu ndogo. Anakata. Nyuzi zangu za mara mbili, zilizopitishwa kwenye mshumaa, zilikuwa zinampa kazi kwelikweli.

Kifungo kilikuwa kimekwisha kung'oka nilipompokonya ule mkasi. Kwa hasira za fundi, nadiriki kusema, kuliko za mke. Nikauficha kwenye droo, kisha nikarudi kusimama mbele yake nikamuuliza, "¿Por qué?" Kwa nini?

Hakutazama dari. Labda aliona amekwisha kamatwa. Aliniashiria nikae, na kwa kuwa mama mwenye nyumba wake hajui lugha, aliniambia kwa maneno mafupi, moja moja, kama anavyopanga nati kwenye kitambaa.

"Corto un botón." Nakata kifungo. "Voy a la tienda." Naenda dukani. "Ella cose." Yeye anashona. Akaweka viwiko mezani, akashika mashavu, akatazama mbele, mahali pasipo na mtu. "Yo miro." Mimi natazama.

Hiyo ndiyo hadithi ya kwanza ya Kihispania niliyoielewa yote, hakuna neno lililonipita. Niliielewa mpaka nikahisi joto masikioni. Mashine za kiwandani hazikuwahi kula kifungo hata kimoja! Miaka ile yote nimeisimulia habari ya mashine zile kwenye harusi za watu, nikimcheka, na yeye anainama anakunywa kinywaji chake.

"¿Quién?" nikamuuliza. Ni nani?

Akaniambia habari za yule msichana. Sikupata maneno yote. Nilipata kwamba anafanya kazi mkabala na geti. Nilipata mikono, haraka, mdogo. Alinionyesha jinsi anavyokata uzi kwa meno. Alinionyesha jinsi anavyowajibu wateja, akapandisha mabega, akatoa kidevu mbele, na mimi nikajiona pale mezani nikiwa na miaka ishirini na minne, mkali kama nini, na nikamwonea wivu yule msichana. Nasema kweli. Nilitaka kuwa mimi ndiye anayesimuliwa, na nilikuwa ndiye, na bado nilimwonea wivu.

Kisha akakunja uso. Kuna jambo lilikuwa linamsumbua. Aligusa mdomo wake, akatikisa kichwa: hana la kumwambia yule msichana. Hajui lugha. Akaangaza macho mezani, akaona kile kijimto changu cha kuchomekea sindano, ninachokiacha kila mahali. Akachomoa sindano moja. Akaiinua juu kati ya vidole viwili, mbele ya uso wangu, akaningoja.

Mama mwenye nyumba alimfundisha hivyo. Unainua kitu, unangoja jina lake.

Nilijua nikilisema nitalisikia. Nilijua pia kwamba nikilisema, halitakuwa langu, nitakuwa nimempa alipeleke kwa mwingine. Nilikaa na neno mdomoni nikishindwa kulitema. Hakuishusha sindano.

"Sindano," nikasema.

"Sin-da-no."

"Sindano."

"Sindano," akasema, na safari hii ilitoka kama zamani, na ile "da" yake iliyolala kidogo ambayo miaka thelathini na minane haikumtoka. Alilirudia kwa sauti ndogo mara tano, mara sita, akitazama dirishani, akilijaribu. Mimi nilishika ukingo wa meza. Hakuwa ananiita. Lakini masikio hayajui mambo hayo, yalikuwa yanaitika kila mara.

Aliinuka. Akachukua shati na kifungo chake, akaenda chumbani, nikamsikia anatafuta kitana. Nikaelewa anakokwenda. Nilipita ukumbini mbio, mama mzima na mguu wangu mzima, nikaingia chumba cha mbele ninachoshonea, nikavua kitambaa cha kichwa, nikakaa kwenye cherehani. Nikainamia kipande cha nguo ya mtu ambacho hata sikukumbuka ni cha nani.

Akatokea mlangoni. Nywele kazilaza kwa maji. Shati kalikunja mkononi, kifungo kakishika kwenye kiganja kilicho wazi. Alinitazama, na nilimtafuta machoni kwa kila nilicho nacho, nione kama ni mimi anayeniona au ni yule. Niliona aibu ya kijana tu, na matumaini mengi. Sijui aliona nini. Mpaka leo sijui.

"Sindano," akasema.

Safari hii sikumuuzia kitu.

"Abee," nikaitika.

Nikalipokea shati. Nikamvutia kiti, akaketi, akaweka viwiko juu ya meza ya kukatia, akashika mashavu, akatazama. Nilikishona kile kifungo polepole kuliko nilivyowahi kushona kifungo maishani. Nilitumia uzi mmoja. Sikuupitisha kwenye mshumaa wala sikuuzungushia shingo. Nilipomaliza nilikata uzi kwa meno, naye akacheka.

Alipokwenda kulala kidogo, nilifungua droo, nikatoa ule mkasi mdogo, nikauweka mezani karibu na kiti chake.